Miwani ya uhalisia pepe wakati wa kuosha vidonda vya moto: mwongozo kwa wodi ya watoto

Mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto haumii siku ya ajali peke yake. Anaumia tena kila bandeji inapofunguliwa, na kidonda kikubwa huchukua wiki kadhaa za kufungua na kufunga. Kufikia mara ya tatu, akisikia tu magurudumu ya toroli la vidonda, kilio kimeshaanza.

Ni kwa wagonjwa wa namna hii miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kumwonyesha mvaaji ulimwengu wa picha, ambayo wengi huiita miwani ya VR, ilianza kupewa kazi hospitalini. Huko Seattle, Marekani, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walianza mwaka 1996 kuwavalisha wagonjwa wa kuungua katika hospitali ya Harborview, na mwaka 2000 wakachapisha taarifa ya vijana wawili waliooshwa vidonda wakiwa wameivaa. Mchezo waliokuja kuutengeneza, SnowWorld, humpitisha mgonjwa polepole katika bonde la barafu huku akirusha matonge ya theluji. Baridi ilichaguliwa makusudi, iwe mbali kabisa na moto.

Kwa nini inasaidia? Taarifa ya maumivu inayotoka kwenye ngozi hushindania umakini wa ubongo na mambo mengine yote yanayoendelea. Ukiujaza umakini huo kwa picha, sauti na kazi ya kufanya, maumivu hupata nafasi ndogo. Ndiyo maana mchezo wenye kazi hushinda video ya kutazama tu. Lakini tusivuke mipaka. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 17 yenye washiriki 1,008 wa miaka 4 hadi 18, na yakaona kwamba ushahidi bado si imara. Kwa wodi maana yake ni moja: miwani huongezwa juu ya dawa ya maumivu. Haichukui nafasi ya dawa, na msimamizi anayetaka kuinunua ili apunguze matumizi ya mofini, dawa kali ya maumivu, akataliwe mapema.

Nani avae

Kampuni ya Meta, watengenezaji wa miwani ya Quest, wanaielekeza miwani yao kwa watoto kuanzia miaka 10. Kabla ya 2023 mpaka ulikuwa 13. Tafiti za hospitali zimeshuka hadi miaka 4. Kwa hiyo ukimvalisha mtoto wa miaka 7 umetoka nje ya maelekezo ya kiwanda, na uamuzi huo uwe wa hospitali, uandikwe, na mzazi aridhie akijua hivyo. Anzeni na watoto wa miaka 7 hadi 12. Wa miaka 5 na 6 wapewe muda mfupi, kama dakika 10, na tu kama miwani inawakaa vizuri usoni. Chini ya hapo, iacheni kabatini. Mapovu ya sabuni, wimbo, au katuni kwenye simu ya mama hufanya kazi nzuri, na mtoto mchanga anayechomwa sindano anyonye wakati huohuo.

Asivae kabisa mtoto mwenye kifafa au aliyepata degedege karibuni, aliyeumia kichwa, anayetapika, mwenye macho mekundu yanayotoa uchafu, mwenye kidonda usoni au kichwani mahali mkanda unapopita, au mwenye kifaa cha kusikia kilichopandikizwa. Mwenye mapunye, upele au chawa asubiri apone, maana miwani hii itazunguka wodi nzima. Mtoto aliyepewa ketamini ya kumlaza naye hahitaji picha yoyote, na kumfunika nusu ya uso ni kumwondolea daktari nafasi ya kumwona.

Kuna kundi jingine husahaulika: watoto wanaotaka kuona. Wapo wanaotulia wanapofuatilia kila hatua kwa macho yao, na ukiwaziba macho hofu inapanda. Muulize mtoto mwenyewe: "Unapenda uangalie ninachofanya, au upelekwe mbali?" Akisema anataka kuangalia, mpe gozi moja, kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda, aishike, umwache aangalie.

Kifaa na vitu vya kuwa navyo

Chagua miwani inayojitegemea, isiyohitaji kompyuta wala waya. Sanduku la kuwekea simu ili simu yenyewe iwe miwani ni rahisi kwa bei na linatosha kwa kutoa damu kwa dakika tatu, ila kwa kidonda cha nusu saa simu hupata moto, picha huanza kuhama yenyewe, na usipoizima mtandao, ujumbe wa salio hutokea mbele ya macho ya mtoto katikati ya theluji.

Kabla ya kununua, angalia mambo mawili ambayo wauzaji hawayataji. La kwanza ni umbali kati ya lenzi. Macho ya mtoto yamekaribiana kuliko ya mtu mzima. Quest 2 ina nafasi tatu, milimita 58, 63 na 68. Mtoto awekwe 58, na kwa mdogo hata hiyo inaweza kuzidi, picha ikawa na ukungu na kichwa kikauma. Quest 3 ina gurudumu la kurekebisha kidogo kidogo badala ya nafasi tatu tu, jambo linaloifaa zaidi wodi ya watoto. La pili ni uzito: zote mbili zina takriban nusu kilo, karibu yote ikiwa mbele ya uso. Mtoto aliyekaa anahitaji mkanda mgumu unaoshika kisogo. Mtoto aliyelala chali anahitaji mkanda laini wa kitambaa, kwa sababu ule mgumu, hasa wenye betri nyuma, humsukuma kichwa mbele na kumkunja shingo vibaya. Nunueni yote miwili.

Pamoja na miwani muwe na:

- kifuniko cha uso cha silikoni, kwa sababu sifongo iliyokuja na kifaa hunyonya jasho na haisafishiki
- kofia za kutupa za chumba cha upasuaji, zivaliwe chini ya mkanda
- vitambaa vilivyoloweshwa alkoholi ya asilimia 70, na kitambaa laini kikavu cha lenzi
- betri ya akiba yenye waya mrefu
- karatasi ya nyuso za maumivu, ambayo mtoto huonyesha uso unaofanana na anavyoumia
- beseni, kwa ajili ya mtoto atakayetapika
- kanga moja yenye maua mengi. Kazi yake utaiona mbele

Mchezo uwe umeshapakuliwa ndani ya kifaa na unafunguka bila intaneti. Uwe wa mtu aliyekaa, mwendo wake uwe wa polepole au usiwepo, uchezwe kwa kutazama au kwa kubonyeza kitufe kimoja, usiwe na maandishi ya kusoma, na usidai kugeuza kichwa sana. Mchezo wa kuruka na kupinda kona huleta kichefuchefu, kwani macho yanasema tunakimbia na sikio la ndani linasema tumelala. Epuka giza na vitu vinavyoibuka ghafla. Theluji ni nzuri, ila mtoto wa Pemba aliyekulia ufukweni ataelewa samaki haraka kuliko pengwini, na mwenzake wa bara anaweza kuogopa kuzamishwa baharini. Muwe na mandhari tatu, mtoto achague mwenyewe.

Watu watatu, kazi tatu

Wodi nyingi zinakosea hapa. Muuguzi mmoja anajaribu kuosha kidonda huku akirekebisha miwani, glavu zinachafuka, mchezo unakwama, mtoto anapiga kelele, na jioni kifaa kinalaumiwa.

Mfunga kidonda hashiki miwani hata kidogo. Kiongozi wa miwani anakaa upande wa kichwa, hagusi kidonda, na ndiye peke yake anayeongea na mtoto muda wote. Mzazi anashika mguu au mkono ulio mzima, na haongei isipokuwa kiongozi amemkaribisha. Sauti tatu zikimwita mtoto kwa pamoja zinamrudisha chumbani.

Saa moja kabla

Dawa iandikwe na daktari na itolewe kwa muda wake. Parasetamoli ya kunywa ni miligramu 15 kwa kila kilo, dakika 30 hadi 60 kabla: mtoto wa kilo 16 apate miligramu 240, yaani mililita 10 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Muulize mama kwanza kama alishampa nyumbani, na lini. Mofini ya kunywa, ikiwa imeandikwa, nayo ipewe nusu saa na zaidi kabla. Kuanza kuosha dakika tano baada ya dawa ni sawa na kuosha bila dawa.

Kama kazi ya siku hiyo ni kuweka kanula, yaani mrija mdogo wa kwenye mshipa, na mna krimu ya ganzi yenye lidokeini na prilokeini, ipakwe kwenye ngozi isiyo na jeraha dakika 60 kabla na ifunikwe kwa plasta. Ifuteni kisha msubiri dakika kama kumi, kwa kuwa ngozi huwa imepauka na mshipa umejificha kidogo. Krimu hii haipakwi kwenye kidonda cha moto.

Wakati dawa inafanya kazi, fungua kifaa mwenyewe. Chaji iwe juu ya asilimia 70. Kiache kimalize kudai masasisho yake, kisha uzime Wi-Fi. Ukitaka kuona anachokiona mtoto kwenye simu yako, Wi-Fi ibaki, lakini jaribu siku moja kabla na wala si mbele ya mgonjwa. Safisha, hata kama aliyetumia jana alisema ameshasafisha.

Dakika kumi kabla

Mzazi avae kwanza. Dakika moja inatosha: "Mama, hebu vaa wewe uone atakachokiona mwanao." Wasiwasi wa macho kuharibika au wa kitu kigeni kichwani mwa mtoto huisha hapo kuliko kwa maelezo marefu. Kama mtoto amejifunika hijabu au amesuka, mkanda upite juu ya kofia ya kutupa, na umwombe mama aukaze yeye.

Kisha sema na mtoto, ukiwa umechuchumaa usawa wa macho yake, bila miwani bado. Usiseme haitauma. Maneno kama haya yanatosha:

"Baba, leo anti anaosha mguu. Utasikia maji, halafu utasikia kama unavutwa. Wewe utakuwa huku kwenye barafu unanisaidia kurusha. Ukitaka tupumzike, sema 'ngoja', na sisi tutaacha."

Na mkisikia "ngoja", acheni kweli, hata kwa kuhesabu hadi kumi. Mtoto aliyeahidiwa na kudanganywa hatavaa tena. Vivyo hivyo kumvalisha miwani ili achomwe sindano bila kujua: mara ya kwanza utafanikiwa, mara ya pili atakuwa ameshajifunza kwamba miwani ndiyo ishara ya sindano.

Uliza maumivu kabla ya kuanza kwa karatasi ya nyuso sita, 0 hadi 10. Andika.

Kuvalisha

Mweke mtoto amejilaza nusu, mgongo umeinuka kama nyuzi 30 hadi 45. Kofia ya kutupa kwanza. Shika miwani wewe mbele ya uso wake, mwache asogee mwenyewe aangalie ndani, halafu ndipo mkanda upite nyuma. Kaza mkanda wa pembeni kwanza, wa juu baadaye. Wa juu ndio unaobeba uzito, usiache ulale kwenye pua. Muulize kama anaona vizuri. Akisema kuna ukungu, pandisha au shusha miwani milimita chache kabla ya kugusa lenzi, kwani mara nyingi tatizo ni mkao.

Sasa ile kanga. Miwani ya kisasa hujua ilipo kwa kamera zake za nje, na kamera hizo zinahitaji vitu vya kushika alama. Mtoto aliyelala akitazama dari jeupe tupu hazioni kitu, na mchezo unaelea au unasimama na kudai uchore upya mipaka ya eneo la kuchezea. Tundika kanga yenye maua kwenye nguzo ya dripu, mita moja na nusu hivi mbele yake, mahali mfunga kidonda hatagongana nayo. Ikiwa bado inasumbua, nenda kwenye mipangilio uzime ufuatiliaji wa mahali, ubaki ule wa kugeuza kichwa tu. Kwa mtoto aliyelala unatosha. Halafu sawazisha upeo kwa kubonyeza na kushikilia kitufe cha rimoti ya kulia, la sivyo dunia yote itakuwa imeinamia miguuni.

Rimoti iwe kwenye mkono usio na kidonda wala kanula: "Mkono huu wa anti, mkono huu wa kuchezea." Zima ufuatiliaji wa vidole, maana mikono ya muuguzi ikipita mbele ya kamera mchezo hudhani ni ya mtoto. Sauti iwe nusu. Anatakiwa akusikie, na michezo mingi inaongea Kiingereza, kwa hiyo hadithi ya Kiswahili ni wewe.

Acha acheze dakika tatu hadi tano kabla mtu yeyote hajagusa bandeji. Dakika hizi ndizo zinazorukwa kuliko zote, kwa sababu foleni ni ndefu, na ndizo zenye faida kubwa. Maumivu yakitangulia, miwani haiyafikii tena. Dalili ya kuanza ni pale kichwa kinapofuata kitu ndani ya mchezo na jibu lake linahusu mchezo: "Nimempiga yule wa kofia!"

Wakati wa kuosha

Mfunga kidonda anamgusa mtoto mguu usio na kidonda kwanza, kwa mkono wenye glavu, ili mguso wa kwanza usiwe wa kidonda. Analowesha bandeji kwa maji ya chumvi ya dripu yaliyopashwa hadi uvuguvugu na kuyaacha yaingie dakika 10 hadi 15. Tabaka za juu hutoka bila shida. Gozi ya mwisho ndiyo imegandana. Inyanyuliwe ukingoni kwa kibano, maji yamiminwe chini yake, ivutwe kwa kulala sambamba na ngozi na si kwenda juu, sentimita kwa sentimita. Damu ikianza kutiririka, maji hayajatosha.

Mnahitaji ishara kati yenu. Mfunga kidonda anapokaribia sehemu kali, anagonga toroli mara mbili. Kiongozi akisikia, anaongeza kazi: "Hesabu wale wa kushoto, wako wangapi? Haraka, wanatukimbia!" Maswali yawe ya kujibiwa. Usiulize "inauma?" katikati ya kazi, unamrudisha chumbani. Akilia, usimnyamazishe, mjibu, punguza kasi, endelea na mchezo.

Uso umefunikwa, kwa hiyo midomo, miguu na sauti ndiyo macho yako. Kwa mtoto aliyepewa mofini, weka kifaa cha kupima oksijeni kidoleni na umwongeleshe kila nusu dakika. Akikawia kujibu, vua miwani umtazame kwanza, mchezo baadaye. Vua pia akipauka, akitokwa jasho jembamba, akimeza mate mara kwa mara au akipiga miayo, kutapika kunafuata. Mpe hewa, afumbe macho kidogo, amalizie kwa wimbo.

Dakika 20 za kuvaa zinatosha. Kidonda kikizidi hapo, pumzikeni wote dakika tano.

Kwa kutoa damu au kuweka kanula mambo ni mepesi: dakika tatu za mchezo, mkono umekaa kwenye mto, na mchezo usiomfanya mtoto ageuze mwili. Kinachoharibu zaidi ni kichwa kugeuka ghafla, mkono ukafuata, mshipa ukakimbia.

Baada ya kumaliza

Bandeji ikishafungwa, usivue ghafla. Mwambie amalize raundi, hesabu hadi tatu, vua ukiwa umemziba mwanga wa taa kwa kiganja. Akae dakika tano hadi kumi kabla ya kusimama. Muulize maumivu makali zaidi yalifika uso upi, uandike kando ya namba ya kwanza, pamoja na muda wa dawa, muda wa kuvaa, mandhari aliyochagua, na kama alivua mwenyewe na kwa nini. Mwache asave alipofika. Kesho aendelee hapo hapo. Mtoto wa mara ya tano anayepewa mandhari ileile tangu mwanzo huchoka nayo.

Kusafisha ni dakika tatu. Silikoni ivuliwe, ifutwe pande zote kwa alkoholi, iachwe ikauke yenyewe, kwani alkoholi mbichi huwasha ngozi. Mwili wa kifaa, mkanda na rimoti zifutwe vivyo hivyo, bila kupuliza maji moja kwa moja. Lenzi zisiguswe na alkoholi, huzitia ukungu usiotoka. Kitambaa kikavu tu, kwa kuzungusha kutoka katikati.

Wala usianike miwani dirishani ikauke. Lenzi ni vioo vya kukuza: jua likiingia kwa pembe mbaya huunguza kioo cha ndani kwa muda mfupi, na doa hilo halirekebishiki. Irudi kwenye mfuko wake lenzi zikiwa zimefunikwa, kwenye kabati lenye kufuli na daftari la saini, chaji ikiwa imewekwa usiku, maana umeme wa asubuhi hauna uhakika.